Asiyesogea Haonekani

Enzi zetu pale Nshamba, kabla sijavaa sare ya sekondari, vita tulipigana juu ya meza ya kuanikia kahawa. Wadogo zetu wa siku hizi ukiwaambia vita wanakimbizana tu, ta-ta-ta-ta, wote wameshakufa na wote bado wanabisha. Sisi tulikuwa na sheria.

Mwenye mchezo alikuwa jirani yetu Koku, binti na mtoto pekee wa mzee aliyerudi kutoka vitani akichechemea. Kila mmoja wetu alikuwa punje moja ya buni yenye jina na kazi yake. Mimi mpelelezi, kaka yangu Revo dereva, na Koku ndiye aliyesimulia na kuamua. Vipande vya majani ya mgomba ndivyo vilivyokuwa vibanja, mashamba ya migomba ya kujifichia, kizibo cha soda kilikuwa mlinzi wa adui. Ukitembea, shibiri moja. Ukinyata, vidole viwili. Kahawa ilitunukia mpaka kwenye nywele, na mama akituita kula ndizi, "Njooni, ebitoke vinapoa!" hakuna aliyesikia.

Ugomvi ulikuwa huohuo kila siku: anayenyata kutoka jani hadi jani, pale katikati anaonekana au haonekani?

"Ukitoka tu umeonekana bwana," Revo alibisha.

"Na kama mlinzi ametazama kwingine?"

"Kizibo kina shingo, Koku?"

Tulicheka mpaka buni zikamwagika. Koku akaenda kumwuliza baba yake, aliyekuwa akipalilia. Mzee akaegemea jembe lake. "Waitu, wanangu, adui haoni mtu, anaona mwendo. Asiyesogea haonekani. Anayesogea ataonekana tu."

Ikawa sheria. Mimi mwenye aibu niliipenda kupita wote. Hata darasani, mwalimu akitafuta wa kusoma kwa sauti, niliganda kama punje chini ya jani, na mara nyingi nilipona.

Kisha ukaingia ukimwi, ugonjwa ule watu waliouita Juliana, jina la kitambaa cha magendo, kana kwamba ni wifi ya mtu. Ulimchukua baba yake Koku. Matanga hayajasahaulika, ukamchukua na mama yake. Nyumbani tukakatazwa kushika buni alizoshika Koku. Meza ikabaki na kahawa tu.

Ukoo ukakaa kikao nyumbani kwao, kuamua kibanja kiwe cha nani. Ndani ya kibanja kile mlikuwa na makaburi ya wazazi wake, na chakula chake chote kilitoka humo. Majirani tulisimama mlangoni. Koku alikuwa ameketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, nyuma ya wanaume, ametulia kabisa. Walizungumzia mibuni, migomba, hata ile meza. Yeye hakutajwa.

"Kibanja hakikai bila mwanamume," akasema baba yake mdogo, na wengine wakaitikia.

Hapo Koku akanitazama, akainuka. Nilijua anafanya nini: anatoka kwenye jani. Hakunyata. Alipita katikati ya wanaume wote, akasimama mbele ya mzee wa ukoo.

"Na mimi, babu?"

Mzee akainamisha shingo kutazama pembeni yake. "Mwanangu, sogea kidogo, unatuzibia mwanga." Wakaendelea.

Baba mdogo alipewa vyote. Koku alipelekwa kisiwani kwa mama yake mdogo, anayewapikia wavuvi, na mpaka leo hajarudi.

Sasa watoto wa baba yake mdogo wanakimbizana kuizunguka meza ile ile, kelele tupu, hakuna anayejificha. Wanatucheka: eti mlikuwa mnacheza na kahawa? Waache. Revo husema sheria yetu ilikuwa na kasoro. Mimi sioni hivyo. Baba yake Koku alitufundisha vizuri jinsi adui anavyoona. Jinsi ndugu wanavyoona hakutufundisha.