Fundi wa Majeneza Aliyenitengenezea Sanduku la Muziki

Jumanne iliyopita, nikiwa nasahihisha mitihani, simu yangu ilipokea ujumbe mfupi kutoka kwa mwanamke ambaye sikuwahi kuzungumza naye: "Mwalimu, papa alituacha leo saa sita. Alisema wewe ujulishwe." Niliusoma mara mbili kabla ya kuelewa ni papa gani, ni baba wa nani. Alikuwa seremala wa mtaa wa Kasha, kule juu mlimani, mjane wa miaka mingi, mwenye karakana ya mabati kando ya barabara. Wengi wenu hamkumjua kwa sura, lakini huenda mliwahi kuifuata kazi yake kwa miguu, polepole, mkiimba nyimbo za kanisani, maana kwa sehemu kubwa ya maisha yake mtu yule alitengeneza majeneza. Mimi alinitengenezea kitu kingine, na kwa sababu ya kitu hicho sitaweza kuandika leo juu ya jambo jingine lolote.

Kwanza nikiri jambo ambalo wasomaji wangu wazee hawalijui. Siku za kazi ninafundisha, na kila juma ninawaandikia ninyi safu hii. Lakini Jumamosi mchana ninapiga muziki kwenye arusi. Nina mashine ya didjei, bapa, ya ukubwa wa sinia ya chai, yenye visahani viwili vya kuzungusha na vitufe vingi, ambayo huiunganisha na kompyuta. Siku moja ilianguka kutoka kwenye pikipiki tukiteremka kuelekea mtaa wa Nguba, na ganda lake la plastiki likapasuka vipande vipande. Fundi wa redio aliijaribu akaniambia kwamba matumbo yake bado ni mazima, ila haina tena mwili. Akanishauri nitafute mtu wa mbao anitengenezee sanduku. Maseremala wawili walicheka. Wa tatu ndiye aliyenielekeza Kasha. Yule wa majeneza, alisema, viungo vyake vya mbao havipitishi hata unywele. Kisha akashusha sauti na kuniambia nisikae sana pale.

Nilimkuta mzee mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilijitambulisha, nikanyoosha mkono. Hakuushika. "Usikasirike, mwalimu," alisema. "Nikishika mukono ya mutu, kipimo yake yote inaniingia mu kichwa. Siipendi tena." Kisha akainamia mashine yangu iliyo uchi, akaizunguka kama daktari. "Hii kitu inafanyaka nini?" Nikamwambia inatoa muziki. "Na joto yake inapitiaka wapi?" Nikamwonyesha. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Masanduku yangu yote, kazi yake ni kufunga. Hii unataka ipumue." Alichagua ubao mwekundu wa mti uitwao libuyu, akachora kila tundu juu ya karatasi ngumu, akasukuma kila kitufe kwa kidole ili ajue kinahitaji nafasi gani, kisha akauliza mikono yangu hulala wapi nikiwa kazini. Nimefanya kazi na watu wenye shahada nyingi ambao hawajawahi kuniuliza swali la namna hiyo.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua imekatika, barabarani hakuna mtu. Yeye alikuwa akipiga randa, mimi nimekaa kwenye kigoda. Ndipo kule ukutani, mbao zilipoegemezwa, ubao mmoja ukagonga. Mara moja tu, sauti kavu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoijua. Hakuna kilichokuwa kimeugusa. Seremala alisimamisha randa katikati ya ubao.

"Umesikia?"

"Nimesikia, papa. Ni mbao inakauka."

"Ile ilikauka zamani." Akaenda ukutani polepole, akapitisha kiganja juu ya mbao moja moja, kama mama anayepapasa watoto waliolala kutafuta mwenye homa, hadi akaufikia ubao mfupi wa pembeni. Akautoa. "Kesho asubui kuko mutu atakuja," alisema. "Wewe urudi saa tatu, tutajaribu sanduku yako. Sasa niko na kazi ingine."

Nilirudi saa tatu. Mbele ya karakana alisimama mwanamume wa rika langu, viatu vyake vimejaa matope, ameshika uzi mkononi. Wenyeji mnaujua uzi huo. Kwa wasioujua nitaeleza kwamba hupimwa juu ya mwili wa marehemu, hukatwa, kisha hupelekwa kwa seremala. Uzi wake ulikuwa mfupi. Seremala hakumwuliza kitu. Alifunua kitambaa juu ya meza, na chini yake kulikuwa na jeneza dogo lililokwisha, vanishi yake bado inanuka. Aliuchukua uzi akaunyoosha ndani, kutoka upande wa kichwa hadi upande wa miguu. Ulilala humo sawasawa. Yule baba alilitazama jeneza, akatutazama sisi, wala hakuuliza lilitengenezwa lini. Aliliinua peke yake, akaliweka begani, akashuka nalo barabarani.

Najua mtakachoniambia, maana nami nilijiambia hivyohivyo: katika mji ambamo watoto wanaugua kila msimu, seremala mwenye akili huweka moja dogo tayari. Nilimwuliza. "Sijaweka hata siku moja jeneza ya kungoja mutu," alijibu bila kuinua macho. "Hiyo ni kumuita." Akanieleza kwamba ilianza mwaka aliokufa mke wake. Ubao uligonga asubuhi, naye akaupuuza, na jioni akalazimika kumtengenezea mkewe jeneza kwa ubao huohuo. Tangu hapo alisikia peke yake. Majirani waliacha kukaa karakanani kupiga soga, kwa sababu alipowaambia wanyamaze wasikilize, hawakusikia kitu na wakaogopa zaidi. Wateja walikuja walipolazimika tu, wakaondoka bila kukubali hata kiti. "Weye ni mutu wa kwanza kusikia na kurudi," aliniambia. Nilitaka kujibu kwamba nimerudi kwa ajili ya sanduku langu, lakini niliona jinsi alivyolisema neno lile, nikavuta kigoda nikakaa.

Sanduku lilikwisha baada ya siku nne. Hakutia msumari hata mmoja. Pembe zake ziliumana meno kwa meno, na ukipitisha kidole juu ya kiungo hujui ubao mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Mashine ilitulia ndani yake, kila kitufe kikatokeza mahali pake, na pembeni kulikuwa na mistari ya matundu membamba ya kutoa joto. Aliomba jambo moja tu, aje alisikie likifanya kazi. Nikamwalika kwenye arusi ya Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Nguba, saa nane mchana.

Alikuja amevaa koti lake la misa, akakaa nyuma kwenye viti vya plastiki. Sikuona mtu yeyote akihama. Niliona tu nafasi ikipanuka kumzunguka, mpaka akabaki peke yake katikati ya viti vitupu, akitabasamu, akilitazama sanduku lake. Kisha msemaji wa familia akasimama kuwaombea maharusi. Nilishusha sauti yote hadi chini kabisa, nikaweka mikono juu ya mbao, ukumbi mzima ukainamisha vichwa. Niliihisi kwenye viganja kabla ya kuisikia. Sauti ileile ya kugonga, kavu, mara moja tu, ndani ya sanduku, chini ya mikono yangu. Msemaji aliendelea kuomba. Hakuna aliyeinua kichwa isipokuwa seremala, kule nyuma. Na alikuwa ananitazama mimi.

Alingoja sala iishe na muziki uanze tena, akaja hadi mezani kwangu, akainama.

"Umesikia?"

Bibi arusi alikuwa hatua tano kutoka pale, anacheka. Shangazi yake alikuwa ametukazia macho. "Hapana, papa," nilisema. "Sikusikia kitu."

"Basi iko ya mimi peke yangu," alisema.

Shangazi akafika. "Huyu papa wa majeneza alikuja kupima nani hapa? Umutoshe inje, didjei, batu banaogopa." Nami, ninayewaandikia kila juma juu ya heshima, nilimshika mzee kiwiko nikamwongoza hadi mlangoni. Hakubisha. Nje, jua la ziwa likimwakia usoni, aliniambia sanduku linatoa sauti nzuri, na akanishukuru kwa mwaliko. Nikaahidi kupanda Kasha kumwona. Sikupanda. Wiki zilipita, nami nilikuwa na mitihani, na barabara mbaya, na kila sababu ambayo mtu mwenye aibu huipata bila kuitafuta.

Nimefikiri sana juu ya watu wa namna yake. Kuna anayechimba kaburi, kuna anayewaosha maiti hospitalini, kuna muuguzi anayekaa na mgonjwa saa ya mwisho kwa sababu familia haiwezi kuvumilia kutazama. Kila nyumba ya mji huu imewahitaji, na hasa katika miaka hii yetu migumu. Tunawapa kazi tusiyoiweza, kisha tunawakwepa kana kwamba wao ndio walioileta. Tukikutana nao kwenye sherehe tunajiuliza wamekuja kutafuta nini. Haitupitii akilini kwamba wamekuja kusikiliza muziki.

Kilioni nilimkuta binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeniandikia ule ujumbe. Alinipa kiti karibu naye, akanisimulia. Siku ya arusi baba yake alirudi nyumbani mapema, akavua koti, akamwita karakanani na kumpa ncha ya uzi. "Aliniambia: kamata hapa kwa kichwa, usitetemeke. Nilidhani anacheka na mimi." Alifanya kazi kwa siku tatu. Jeneza lake mwenyewe lilipokwisha alilisimamisha pembeni, akawa anaweka mbao ndogo ndani yake, na tangu siku ile, binti alisema, alikuwa mtu mwenye amani; hata hodi ya jirani ilimfurahisha. Jumanne mchana waliomwona ameketi mlangoni walidhani anatazama mvua. Baada ya mazishi yake ndipo daftari la hospitali lilipoonekana katika mfuko wa lile koti: daktari alikuwa amemwambia, tangu mwaka jana, kwamba moyo wake umechoka. Hakumwambia mtu.

Kwa hiyo mwenye kutaka maelezo ya kawaida anayo. Mzee alijua anaugua, na mbao hulia zinapobadilika joto, hasa zikiwa na mashine inayochemka ndani. Huenda ni hivyo. Sanduku ninalo bado na ninalifanyia kazi. Halijagonga tena, ingawa kila nikishusha sauti ninajikuta nimezuia pumzi.

Nilipoinuka kuaga, binti alinishika mkono. "Mwalimu, papa alisema kama siku ile mulisikia babili. Wewe na yeye. Batu bote hapa wanasema alikuwa anajisemesha. Ni kweli mulisikia?"

Mzee alijua, basi, kwamba nilisikia. Alijua nilipomjibu, na akaondoka nao uongo wangu bila kunisuta, kisha akanitetea nyumbani kwake kama shahidi wake. "Ndiyo," nilimwambia binti, mbele ya watu wote waliokaa pale. "Tulisikia wawili." Akaanza kulia, na nadhani kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, lakini baba yake alikuwa ameshafunikwa udongo tangu jana yake.

Nawaachia hili tu, ndugu zangu. Mtu aliyekaa peke yake na hofu yake kwa miaka haji kwenu kutafuta dawa wala maelezo. Anauliza swali dogo, kwa sauti ya chini, mara nyingi mahali pasipofaa, na watu wanawatazama. Mkiwa mmesikia, mwambieni mmesikia. Mwambieni siku hiyohiyo.