Lastiki ya Sketi Yangu Ilivyoingia kwenye Santuri

Mwenzenu nasikika kwenye kumbi za starehe, watu wanacheza sauti ya siku niliyodondosha sketi. Cheka, lakini kaa nikuhadithie.

Wajukuu zangu wawili ni madijei. Wa kike namwita Sindano, anapiga santuri. Wa kiume ni Flashi, muziki wake wote uko kwenye kompyuta.

Wakikutana sebuleni kwangu, paka na panya.

"Dada, hayo masahani peleka makumbusho!"

"Na wewe muziki wako haushikiki! Kompyuta ikigoma, unabaki umeduwaa."

Mimi nakunywa chai, nawaacha wachoke.

Sasa Sindano katunga wimbo wa kielektroniki, kishindo mwanzo mwisho. Bosi wa lebo, kampuni ya kutoa nyimbo, akaupenda, ila akasema utatoka mtandaoni tu, santuri basi. Mtoto akalia mpaka macho yakavimba.

Bosi akalegea. "Nitakuja nisikilize santuri yako ya majaribio. Ikinitikisa hata bega, naichapisha."

Siku ya siku, bosi yuko getini, ule mkanda wa mashine unaozungusha sahani ukakatika. Pwa!

Sindano akakaa sakafuni. "Bibi, nimekwisha."

Flashi akafungua mdomo acheke. Akamwona dada yake, akaufunga.

"Tulieni," nikasema.

Nikaingia chumbani, nikachomoa lastiki ya sketi niliyovaa, nikaunga ncha kwa uzi, nikarudi kuivalisha mashine. Nguo nyingine zote zilikuwa kambani zinachuruzika maji. Nikashikilia sketi kiunoni, nikamfungulia bosi mlango.

"Shikamoo, Bibi. Kiuno kinauma?"

"Marahaba, mwanangu. Uzee huo, kaa."

Lastiki ilikuwa imechoka kuliko mimi. Sahani ikajikokota. Wimbo wa mbio ukatoka taratibu, unayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Sindano akajifunika uso.

Bosi akatikisa bega. Likafuata la pili. Mara kainuka!

"Mwendo huu mmeutoa wapi? Kijana, rekodi kabla haujapotea!"

Flashi mbio na maikrofoni. Santuri inaimba, kompyuta inanasa, na wale mahasimu wangu wameinama kichwa kwa kichwa, hakuna anayepumua.

Bosi, kwa raha zake, akanidaka mikono tucheze.

Yote miwili, jamani!

Sketi chini. Nikabaki na gagulo, nikapiga yowe mpaka majirani wakachungulia.

"Bibi, umeharibu rekodi!" Flashi akalalama.

"Usifute!" bosi akafoka, kageukia ukutani kwa adabu. "Yowe linabaki!"

Na limebaki. Santuri imechapishwa, mtandaoni pia wimbo upo. Ukifika penye yowe, ukumbi mzima unaniitikia.

Ndiyo hivyo, wanangu. Bishaneni mpaka koo zikauke, sahani na kompyuta vyote ni wapagazi tu. Mzigo lazima utoke kwa mtu, hata kama umemtoka bila hiari.