Nilimhukumu mama wa Kambu nikiwa ukurasa wa 41

Wakuu habari zenu. Walio kazini, walio shambani, na nyinyi wa kusoma kimyakimya bila hata kuacha like, nawasalimu wote.

Hii story nimekaa nayo miezi mingi. Nimeiandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Leo naitoa vile ilivyo, na sijaongeza chumvi. Chumvi ingesaidia mimi nionekane afadhali, na sitaki.

Mimi ni mtu wa Tulia, Kitui huko. Niko na duka la agrovet: mbegu, dawa ya kupe, chakula ya kuku. Mvua ikikosa wateja wanakosa, kwa hivyo nilianza kusoma vitabu pale kaunta. Halafu nikaanza kuandika review kwa page yangu.

Wakuu, page ilishika. Kila Jumatatu kitabu kimoja, baadaye vikawa viwili. Na sikuchagua genre: mapenzi, upelelezi, ibada, mashairi, siasa, hadi vitabu vya kufuga mbuzi wa maziwa. Watu walikuwa wanashangaa. "Bro, unatoa wapi time ya kusoma hizi zote?"

Jibu ni rahisi. Sikuwa nasoma.

Nilikuwa na system. Kila genre ilikuwa na maswali yake tano kwa daftari. Upelelezi: je, mhalifu anajulikana mapema? Mapenzi: je, machozi yanalazimishwa? Nasoma chapter mbili tatu za kwanza, nasoma nyuma ya jalada, najaza majibu, natoa nyota. Nilikuwa najiambia mpishi hahitaji kumaliza sufuria nzima ndio ajue kama supu ina chumvi.

Na mwisho wa kitabu sikuwa nagusa. Nilikuwa naandika kwa herufi kubwa, HAPA HAKUNA SPOILER, na watu wananishukuru kwa heshima yangu. Wueh! Ningetoa spoiler gani na sijui mwisho?

Sasa siku moja nikaletewa parcel kutoka Kambu, ile ya barabara ya Mombasa. Ndani kitabu chembamba, jalada la kijani, kimechapwa River Road, kwa wale wachapaji wa bei rahisi Nairobi. Mbele imeandikwa "Riwaya". Jina la kitabu siweki hapa, tafadhali msianze kumtafuta huyo mama.

Kulikuwa na barua pia, karatasi ya exercise book imekunjwa mara nne. Nikajua ni zile za "tafadhali nipigie debe". Sikuifungua. Niliitumia kama bookmark.

Nikasoma mpaka ukurasa wa 41. Mteja akaja kuuliza dawa ya minyoo, nikaweka ile barua hapo katikati, nikafunga.

Hicho kitabu sikukifungua tena kabla ya kuandika review. Nyuma ya jalada ilisema ni hadithi ya mwanamke anayefiwa na bwana, anafukuzwa shambani na mashemeji, anaenda Mtito Andei kuuzia madereva wa lori chai, analea watoto sita, na kila Jumapili anaimba kanisani. Kwa daftari langu, swali la kwanza la riwaya ni: je, mhusika anaaminika?

Nikaandika hivi, na naikumbuka neno kwa neno kwa sababu najichukia nayo:

"Mhusika mkuu haaminiki. Hakuna binadamu anapitia haya yote halafu anaimba. Mwandishi angetoka nje kidogo aone maisha ya kweli ndio aandike. Nyota moja na nusu."

Watu walicheka siku hio! Emoji za machozi kila mahali. Mmoja akaandika, "Huyo mama ni wa chuma ama ni wa movie?" Na mimi nikamjibu na kicheko, nikiwa nimefura kichwa kama andazi.

Ikapita. Nikaendelea na Jumatatu zangu.

Kama miezi nane baadaye nikapata inbox kutoka kwa dada mmoja, nimuite Mwende. Hakunitusi, na afadhali angenitusi. Aliandika mstari mmoja tu: "Mimi ni binti ya mama wa kitabu cha kijani. Naomba kujua, ile barua ya mamangu uliisoma?"

Nilitaka kumwambia ndio. Aki ya Mungu nilikuwa nimeshaandika "ndio". Halafu nikafuta, nikaanza kutafuta. Kitabu nilikipata chini ya magunia ya chick mash, ile chakula ya vifaranga, panya wameshaonja kona. Barua ilikuwa bado imelala pale 41.

Iliandikwa na mkono wa mtu anayefinya kalamu sana. Ilisema:

"Mwanangu, huyu mama kwa kitabu ni mimi. Nimebadilisha jina kwa sababu ya watoto na mashemeji, na watu wa printing wakasema tuite riwaya. Usiambie watu. Lakini wewe unayesoma, wewe ujue ni kweli."

Nilikaa chini kwa gunia. Kati ya watu wote, alikuwa ameamua mimi, mtu hata hajawahi kuniona, ndio nijue. Na mimi ndio nikasimama mbele ya watu nikasema haiwezekani.

Nilifunga duka mchana nikasoma kitabu chote. Siwezi kuwaambia kiko vipi kwa lugha ya nyota, hio lugha imenitoka. Nilisoma tu. Mteja aligonga dirisha akachoka akaenda.

Nikafuta ile review. Nikaandika ingine ndefu ya kuomba msamaha, nyota tano, nikamtumia Mwende. Ona akili yangu bado ilikuwa wapi!

Akanijibu, "Mama hana hizo vitu za simu. Hio ya kwanza alisomewa na wamama wa kanisa. Walikuwa wamepanga kuombea kitabu Jumapili ya wamama, wakaanza kumuuliza kwa nini aliandika vitu haziwezekani, na hangeweza kuwaambia ni maisha yake. Kama uko na kitu ya kumwambia, kuja."

Nikaenda. Sukari, majani chai, unga, na mbegu za ndengu kutoka dukani, kwa sababu kwa mama wa watu hauendi mikono mitupu. Nikashika barabara ya Kibwezi, nikatokea highway, mpaka Kambu. Njia yote nilikuwa napanga maneno.

Maneno yote yaliisha nilipomuona. Ni mama mdogo wa mwili, mguu mmoja unamsumbua, anatembea na fimbo. Nikamwita mwaitu, vile tunaita mama zetu, nikaanza kujieleza. Akanikatiza.

"Kwanza kula, mwanangu. Umetoka mbali."

Mwende akaleta muthokoi, ile mahindi yetu ya kukobolewa, na maharagwe. Nikala nikiangalia sahani. Nilipomaliza, mama akaniuliza kitu kimoja, na hakuuliza kwa hasira. Alitaka tu kujua.

"Wakati uliandika ile maneno, ulikuwa umefika ukurasa gani?"

Nikasema, "Arobaini na moja, mwaitu."

Midomo yake ikasonga kama anahesabu. Halafu akasema, "Arobaini na moja. Hapo bwana yangu hata hajazikwa."

Wakuu, mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu. Nililia kwa hio nyumba kama mtoto. Na yeye ndio alikuwa ananiambia basi, basi.

Halafu Mwende akaniambia ile ingine, polepole, bila kuniangalia. Kitabu kilikuwa na sehemu ya pili. Exercise book nne, za miaka ya hapa Kambu, venye walifika na venye walianza upya. Mama alikuwa ameshamaliza kuandika. Baada ya review yangu alizichoma moja moja jikoni, akipikia. Muthokoi inataka moto mrefu.

Nikamwambia mama, tafadhali, nisimulie nitaandika mimi. Nitakuja kila wiki. Nitaandika hata usiponilipa, hata usiponipikia, hata ukinitukana.

Akatingisha kichwa. "Hio kilio nilishalia, mwanangu. Siwezi kuirudia."

Alikuwa na haki.

Wakati wa kuondoka nikamwomba abaki kwa kiti, kwa sababu ya mguu. Mwende pia akamwomba. Akakataa kabisa. Akachukua fimbo yake. "Mgeni haachwi mlangoni," akasema. Tukatembea polepole, tukisimama kila mara apumzike, mpaka mahali unaona malori ya highway. Hapo akanishika mkono, akaniombea safari, akageuka.

Nilibaki nikimwangalia akirudi na ule mguu. Mimi mtu alinikaribisha kwa maisha yake nikamwacha ukurasa wa 41, na bwana yake hajazikwa. Yeye amenisindikiza mpaka barabarani.

Majuto ni mjukuu, na mimi wangu ameshakua mtu mzima. Page bado iko. Siku hizi ni kitabu kimoja kwa mwezi, mara ingine hata hakuna, followers wengi wameenda. Lile daftari la maswali tano nililitupa. Kila review naanza na ukurasa niliofika, na kama sijamaliza sisemi kitu. Lakini exercise book nne hazirudi, na zaidi ya mama hakuna mtu duniani anajua zilisema nini.

Nilichojifunza ni hicho tu. Mtu akikwambia maisha yake, mfikishe mwisho kabla ufungue mdomo.

Nitukaneni, nishaurini, kama ulishawahi kufanyia mtu kitu kama hii pia useme tusaidiane. Lakini kabla hujaandika comment naomba uniambie kwanza: umesoma yote, ama umeruka?