Barakoa ya Jytte

Jytte Kjærgaard alipamba nyuso za waigizaji wa televisheni kule Aarhus, Denmark, kwa miaka ishirini na miwili. Aliweza kumzeesha kijana kwa saa moja, au kumchora jeraha mpaka mwenyewe akaogopa kioo. Kisha watazamaji wakahamia kwenye simu zao, tamthilia zikakatwa moja baada ya nyingine, na studio ikafungwa. Akapewa shada la maua na barua.

Alirudi kijijini kwetu, akanunua kamera ya mtumba, akaanza kujirekodi bandani akifundisha kazi yake mtandaoni kwa kupamba sanamu ya kichwa. Usoni alivaa barakoa, na jina hakulitaja. Kwetu anayejitokeza sana huambiwa anajiona, na sifa hiyo haifutiki. Mimi jirani yake nilimtambua tangu video ya kwanza, kwa vidole tu. Nilinyamaza. Ndiyo adabu yetu, na kusema kweli hunichosha.

Mwaka wa pili kampuni moja ya Copenhagen ikataka kumdhamini, kwa sharti moja: avue barakoa, aseme yeye ni nani na anaishi wapi. Jibu walilitaka Ijumaa. Akikataa, itabidi aende kufungasha samaki kiwandani. Jumatano akaja jikoni kwangu, hata kahawa hakuigusa.

"Inger, watanicheka mpaka nihame."

"Nani?"

"Wote! Mogens ndiye atakayeanza."

Mogens ni mwenyekiti wa ukumbi wa kijiji chetu, na mdomo wake hauna breki.

"Basi shoga, kawaambie mwenyewe. Kesho wote watakuwa ukumbini kwenye chakula cha pamoja."

Alhamisi, kabla viazi havijaisha, Jytte alisimama akagonga glasi kwa kijiko. Nilimwonea huruma, nikajuta kumshauri.

"Mimi... natengeneza video. Za mtandaoni. Ni mimi yule wa barakoa."

Mogens akafuta mchuzi mdomoni taratibu.

"We mama, unadhani sisi vipofu?"

"Mlijua?"

"Kijiji kizima! Kwani umewahi kusikia mtu akiwasha mashine ya kukata majani Jumanne asubuhi? Si ndipo unaporekodi?"

"Mimi jogoo wangu namfunika tenga mpaka saa sita," akadakia bibi Ellen, jirani wa nyuma ya banda. "Ananichukia kabisa sasa."

Jytte akaketi. Machozi yakamtoka, na hasira pia.

"Miaka miwili! Na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba zinapendeza?"

"Tukuambie," akasema Mogens, "ili ujione?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na Jytte akacheka kuliko wote. Mimi nilishusha pumzi niliyoibana tangu Jumatano.

Ijumaa asubuhi aliijibu kampuni. Aliandika jina lake lote, na chini yake jina la kijiji chetu.