Sare ya Mgeni

Baba yangu hakuwahi kuniachia hata sare. Pale kwetu Matongo tulikuwa tunacheza drafti uani, ubao kauchora mwenyewe kwa mkaa, kete zetu vizibo vya soda. Kila jioni alinifunga, akacheka mpaka akakohoa. "Umeliwa, mama! Panga tena." Nikilia, ananifunga hivyo hivyo nalia. Wala sikutaka ushindi. Nilitaka sare moja tu.

Halafu akaja mwanamume wa Kenyamonta kuniposa. Walipoelewana habari za ng'ombe, baba akatoa ubao. Jamani! Mtu anasukuma kete kama anafukuza kuku! Nimesimama na chupa ya chai, naona kabisa: baba ana kete ya kula, na kwenye drafti kula ni lazima, lakini anajikuna shingo, anasogeza nyingine. Mwisho wakabaki na kingi moja moja, wanafukuzana bila kukamatana.

"Sare, mkwe," baba akasema, wakapeana mikono.

Wivu ulinikaba mpaka nikamimina chai nje ya kikombe. Mchumba wangu mwenyewe! Alipoondoka tu nikamvaa baba.

"Yule hajui hata kuanza mchezo, umempa sare. Mimi je?"

"Yule mgeni. Mgeni simfungi nyumbani kwangu," akasema, huku anapanga vizibo. "Wewe ni wa hapa. Kaa."

Nikakaa. Akanifunga, akacheka.

Niliolewa na hasira hiyo hiyo. Kule Kenyamonta namfunga mume wangu bila huruma, naye kila akifungwa ananiambia, "Lakini mimi na baba yako tulitoka sare." Ebo! Chakula kinanishinda siku hiyo.

Mwaka jana nilienda nyumbani kusalimia. Shikamoo haijaisha vizuri nimeshaomba ubao. Nilicheza kwa pupa, nikaacha kete wazi katikati. Baba akaiangalia. Akajikuna shingo, akasogeza nyingine.

"Baba, kula. Kula ni lazima."

"Sikuiona," akasema.

Tukamaliza sare. Akanipa mkono, akaagiza niletewe kiti kizuri.

Mdogo wangu wa mwisho akakaa pale nilipotoka. Hakuchukua muda akafungwa, akaanza kulalamika kaibiwa, na baba akacheka mpaka akakohoa. "Umeliwa, mama! Panga tena."

Sijawahi kumwonea mtu wivu kiasi kile, hata mume wangu.