Firigisi na Mashimo ya Mwezini

Kwetu Kalenga kuku alichinjwa Jumapili chache, na firigisi ilikuwa ya baba. Hilo halikuwa na mjadala. Mama aliiweka peke yake kwenye kisahani, na baba, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliikata vipande viwili. Kimoja alikula mwenyewe. Kingine alimpa mdogo wangu.

Sababu ilikuwa mwezi. Jioni mwezi mpevu ulipochomoza, tukiwa uani tunapukuchua mahindi, baba aliuliza, "Haya, nani anaona nini?" Mimi ndiye mkubwa, nilianza. Nilisema ninachokiona: weupe, madoa meusi, na yule mwanamke wa hadithi za mama, mwenye mzigo wa kuni kichwani, aliyewekwa kule juu kwa kosa la kuokota kuni Jumapili. Mdogo wangu akakodoa macho. "Naona mashimo, baba. Mengi. Na milima pembeni yake." Habari za mashimo na milima baba alikuwa ametusomea mwenyewe kwenye kitabu chake cha jiografia.

"Huyu ana macho," baba alisema. Jumapili iliyofuata nikaitazama firigisi ikipita mbele yangu.

Nilimwonea wivu, sitaki kuremba. Nilifikicha macho mpaka yakatoka machozi. Nilitazama mwezi kwa kuchungulia kwenye ngumi, nilipanda juu ya kinu, na bado nikaona madoa yale yale. Jioni moja nilikusudia kusema na mimi nayaona hayo mashimo. Baba akanigeukia, mdomo ukagoma. Nikasema naona kuni. Mdogo wangu akacheka, na mimi nikamfinya tulipoingia ndani.

Mtu angetegemea mambo hayo yaishie utotoni. Hayakuisha. Mimi sasa ni fundi cherehani Mwanjelwa, Mbeya, nina watoto wakubwa, na mdogo wangu akinipigia simu kutoka nyumbani kunieleza baba kasema hivi, baba kacheka vile, roho inaniuma kabisa. Mama alipofariki yeye ndiye aliyebaki na baba. Kila mtu anamsifu. Masweta na mablanketi ninayotuma mimi hayana msemaji.

Mwaka jana nilipeleka sare kwenye shule moja ya sekondari hapa Mbeya. Jua lilikuwa linazama, na mwalimu wa fizikia alikuwa ametega darubini uwanjani. Akanikaribisha nichungulie. Nikayaona mashimo. Yalikuwa mengi, yana kingo na vivuli, na papo hapo nikamkumbuka mdogo wangu.

"Mwalimu," nilimuuliza, "haya mtu anaweza kuyaona kwa macho tu?"

"Hapana, mama. Kwa macho matupu utaona madoa meusi, ambayo ni nyanda za mawe ya zamani. Wazee wa sayansi walidhani ni bahari. Utaona na weupe uliokoza hapa na pale, vumbi lililotapakaa shimo lilipochimbika. Shimo lenyewe na kingo zake, au milima, ni mpaka uwe na darubini."

"Hata mtoto mwenye macho makali sana?"

"Hata huyo."

Nilirudi nyumbani naimba. Miaka yote ile mdogo wangu alikula firigisi ya uongo. Nikaliweka neno hilo moyoni, nikasubiri siku ya kulitoa mbele ya baba.

Siku ilikuja baba alipopangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limeshakufa kabisa, likabaki hilo moja la kujaribu. Nilifika Kalenga siku moja kabla, na kuku wangu mkononi. "Kamwene, baba," nikamsalimu, naye akanipapasa uso kunitambua. Mwezi mpevu ulipochomoza tukamtoa uani na kiti chake. Akauliza swali lake lile lile.

"Mashimo yote yapo, baba," mdogo wangu akasema. "Yanang'aa."

Sikungoja. "Muongo," nikasema. "Hayaonekani kwa macho. Nimeuliza kwa mwalimu wa fizikia. Huyu hajawahi kuyaona hata siku moja."

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Baba hakushtuka hata kidogo.

"Najua," akasema. "Nilikuwa najua toka zamani."

"Sasa firigisi ulikuwa unampa ya nini?" Mtu mzima mimi, nalilia firigisi.

"Nilikuwa napenda kusikia," baba akasema. "Lakini wewe hujawahi kunidanganya. Keshokutwa wakifungua hili jicho, nataka wewe ukae karibu yangu. Nisipoona, uniambie."

Tulipokula, firigisi nzima aliiweka kwenye sahani yangu. Niliitafuna taratibu, mdogo wangu akiangalia. Namwomba Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Asubuhi ya kufunguliwa bandeji, hospitalini Iringa, nesi alimkalisha baba kibarazani kwenye hewa. Mdogo wangu nilimtuma chai, ili nafasi ile iwe yangu peke yangu. Mwezi ulikuwa bado upo upande wa magharibi, umepauka, madoa yake yanaonekana vizuri tu. Nesi akaondoa pamba, akasema jicho litachukua siku kadhaa kutulia, asijilazimishe. Baba akapepesa, machozi yakamtiririka. Kisha akainua kidole na uso wote ukachangamka.

"Naona," akasema. "Mwanangu, naona mwezi. Mpaka mashimo yake nayaona."

Kidole chake kilikuwa kimeelekea paa la wodi ya pili. Palikuwa na dishi la televisheni, jeupe, lina kutu katikati.

Nilikuwa nimeingoja nafasi ile tangu niko mtoto. Nikamshika mkono, nikamwambia ukweli kama alivyotaka. "Lile ni dishi, baba. Mwezi uko kushoto kwako. Na mashimo hayaonekani."

Kidole kikashuka taratibu mpaka gotini. Akauelekeza uso kushoto, kisha kulia, kisha akauinamisha.

"Umesema vizuri," akaniambia. Akautoa mkono wake ndani ya wangu, akapangusa jicho. "Mdogo wako yuko wapi?"

"Kafuata chai."

"Niitie."