Ukuta Ulikuwa Karibu Mno

Vipimo vyangu vilikataa kufuata kitabu, na msimamizi wa mradi wangu wa fizikia alitaka nivilazimishe.

"Mwanga ukipita kwenye upenyo, katikati ya ukuta ndipo panapong'aa kuliko kwingine kote," alisema. "Wewe umechora mstari wa giza katikati. Giza limetoka wapi, binti yangu?"

"Nililiona, Daktari."

"Rudia jaribio. Ukiniletea hili tena, utarudia mwaka."

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho chuoni, hapa Kakamega. Nyumbani Lugari walishaanza kuuliza mahafali ni lini.

Rafiki niliyeishi naye Shirere alinicheka. "Si upike tu? Kila mtu hupika." Kupika, katika maabara zetu, ni kuanza na jibu la kitabu, kisha kutunga vipimo vya kulifikia, na kutia kosa dogo hapa na pale ili vionekane vya kweli.

"Sipiki."

"Basi utapika ugali kwa hii stovu mwaka mwingine mzima."

Vifaa vyangu vilikuwa leza ndogo, kadi nyeupe ya kupokea mwanga mahali pa ukuta, na upenyo niliokata kwenye bati la kopo, upana wa kijiti cha kiberiti. Meza ya maabara ilikuwa fupi, kwa hiyo kadi ilisimama karibu sana na upenyo. Nilipoisogeza kidogo tu, giza la katikati liligeuka mwanga. Nikiirudisha, giza linarudi. Kosa la mkono halina utii wa namna hiyo.

Wewe unayesoma, usiogope. Jambo lenyewe ni jepesi. Fikiria kwaya imejipanga mstari mmoja mrefu. Ukisimama karibu, mbele ya yule wa katikati, walio pembeni wako mbali nawe zaidi yake, na sauti zao zinakufikia zimechelewa. Rudi nyuma hadi barabarani. Sasa wote wako takriban umbali mmoja nawe, na tofauti ile imekwisha. Kila sehemu ya upenyo ni mwimbaji, na mawimbi ya mwanga yanayofika kwa kupishana huweza kufutana, likabaki giza. Tofauti ya umbali kati ya katikati na pembeni ikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga, uko mbali, na fomula ya kitabu inafanya kazi. Ikiwa kubwa, uko karibu, na picha hubadilika kila unaposogea. Ukiongeza upana wa upenyo mara mbili, itakubidi usimame kwenye umbali mara nne ya ule wa kwanza.

Kwa hiyo sikuhitaji vipimo vingine. Nilihitaji ukuta wa mbali. Korido ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga ni ndefu na haina dirisha, na alasiri moja stima ilipopotea na taa kuzimika nikaifanya maabara.

"Nani anamulika sufuria yangu?" mama wa chumba cha mwisho alipaza sauti.

"Ni mimi, mama. Ni masomo."

"Masomo kwa mboga zangu! Haya, endelea, lakini zikiungua utakula wewe."

Kule mwisho giza halikuwepo. Utepe mmoja mpana uling'aa katikati, na nyingine hafifu kila upande. Nilisogeza kadi mbele kidogo, nyuma kidogo: utepe ulipungua na kupanuka, lakini umbo lake halikubadilika.

"Kumbe kitabu hakikudanganya," rafiki yangu alisema.

"Hata mimi."

Nilipeleka picha zote mbili, ya karibu na ya mbali. Daktari alizilinganisha. "Basi punguza upenyo hadi nusu. Umbali unaohitajika utashuka hadi robo. Punguza tena, meza itakutosha. Halafu ufute hili giza."

Ushauri wake ulikuwa sahihi, isipokuwa neno la mwisho.

"Nitapunguza upenyo, Daktari. Kufuta sitafuta."

"Mada yako ni picha ya mbali. Hili la karibu halina nafasi."

"Nitaliandikia sura yake kwenye ripoti."

"Unajua nani anatoa alama?"

"Ninajua."

Siku ya kutetea mradi alinipinga mbele ya wenzake wote. Niliwasha leza nyuma ya upenyo wangu wa kwanza, ule mpana, nikampa kadi. Aliisogeza mwenyewe, polepole, giza likaja, likaondoka, likaja. Alinipitisha, akakata alama kwa kutofuata maagizo, akaniuliza kama nitakata rufaa au nitaifuta ile sura ili anirudishie alama.

Nilisema hapana kwa yote mawili. Nilihitimu na alama zilizobaki, na sura ya giza imo ndani ya mradi, nzima.